Kila mtu kafungiwa kwake: tutashonaje kanga moja?

*Shikamoo. Naongoza kikundi cha ushonaji hapa Ujiji, mkoani Kigoma, akina mama na vijana, tuko kumi na wanane. Mwaka 2020 shule zilipofungwa na watu wakaanza kuogopana, tulijaribu kuimba pamoja kwa simu ya video. Ikawa vurugu tupu, kila mtu na mapigo yake. Sasa tunataka tuwe na mpango mkononi: ugonjwa mwingine ukizuka, tuwe na kazi moja ya sanaa ya kuwashika watu pamoja bila kukutana. Kuna watu wa Ujiji, Kibirizi, Katonga, Kalya kule kusini, kando ya Ziwa Tanganyika, na ndugu walioko Tabora. Wengi wana kitochi, simu ndogo ya vitufe. Tuanzie wapi?*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na huo wimbo, maana kosa halikuwa lenu.

Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde. Waimbaji wawili waliosimama mita kumi mbali wanasikiana kwa kuchelewa sehemu tatu za mia za sekunde, na hapo ndipo mwisho wa uvumilivu wa sikio. Ukizidisha, kila mmoja anaanza kumsubiri mwenzake, na wimbo unazidi kupoa mpaka unakufa. Simu ya video kwenye mtandao wa kawaida inaweza kula robo ya sekunde au zaidi. Ni sawa na kuimba na mtu aliyesimama mita 85 kutoka kwako. Tena programu zenyewe zimetengenezwa kupitisha maneno na kuzima kelele, na kwao ngoma ni kelele. Ndiyo maana Mmarekani Eric Whitacre alipounganisha sauti 185 mwaka 2010, hakuna aliyeimba na mwenzake. Kila mtu alijirekodi peke yake akifuata kiongozi kwenye video, kisha mafundi wakakaa chini kuziunga.

Ona basi: hata kwaya ya mbali ni ushonaji. Na ninyi cherehani mnazo tayari. Shoneni kitambaa, wimbo uacheni.

Ninalopendekeza ni kanga moja kubwa, mita 3 kwa mita 2 na kidogo, yenye pindo, mji wa katikati na jina, yaani maneno yake, kama kanga yoyote, ila kila kiraba, yaani kipande cha mraba, kimetoka nyumba yake. Kanga nimeichagua kwa sababu moja: hakuna mtu wa kufundishwa inavyosomwa. Ukimwambia mama wa Katonga "wewe uko kwenye pindo, upande wa kushoto", anajua yuko wapi.

Kabla ya mkasi, ulizeni ni ugonjwa gani. Kwa unaoenda kwa hewa na mate kama Uviko, kitambaa kikavu kilichofuliwa si tatizo kubwa. Tatizo ni kukutana. Kipindupindu, ambacho Kigoma mnakijua tangu Kagunga mwaka 2015, kinapita kwenye maji na chakula, kwa hiyo kifurushi cha kitambaa safi kinapita, ila msikifanye kisingizio cha kukaa kula pamoja. Marburg, kama ile iliyozuka Kagera mwaka 2023 na tena 2025, ni habari nyingine kabisa: nguo iliyoguswa na majimaji ya mgonjwa ni hatari yenyewe. Hapo kitambaa hakitoki nyumba hata nyumba. Mpox nayo iwekeni kundi hilohilo. Kwa hayo mawili mnatumia njia ya kitochi nitakayoeleza chini, na vitambaa vyote vinabaki kwa washonaji wachache walio nje ya eneo lililofungwa. Kwa vyovyote, neno la mganga mkuu wa wilaya ndilo la mwisho, hata kama limeharibu ratiba yenu.

Sasa hesabu. Kila kiraba kikikamilika ni sm 30 kwa 30. Kinakatwa sm 33, ili kila upande ubakiwe na sentimita moja na nusu ya mshono. Safu ya viraba kumi kwa urefu na saba kwa kimo inatoa mita 3 kwa mita 2.1. Mzunguko wa nje, yaani pindo, unakula viraba 30. Ndani vinabaki 40, lakini safu ya chini ya mji toeni viraba sita vya katikati muweke ukanda mmoja wa sm 180 kwa 30, ndio wa jina. Jumla ni viraba 64 na ukanda. Andaeni 72, kwa sababu vingine havitarudi.

Kitambaa kiwe pamba tupu: poplini nyeupe au marekani. (Marekani ndiyo iliyokuwa fedha ya misafara ya karne ya 19 hapohapo Ujiji na Tabora, kwa hiyo si mgeni.) Kwa upana wa sm 150 nunueni mita saba na nusu. Loweka usiku kucha kwenye maji ya sabuni, suuza, anika, piga pasi, halafu ndipo ukate. Sababu ni mbili. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani unaokifanya kionekane kizito, na pamba husinyaa kinapofuliwa mara ya kwanza. Ukikata kwanza, nyumba moja itafua kiraba chake na nyingine haitafua, na siku ya kuunga utakuta kimoja kina sm 33 na jirani yake 31 na nusu. Hakuna fundi wa kutibu hilo.

Vipande vya kitenge vya kupamba mnavyo chini ya meza zenu. Vijaribu kwanza: lowesha kipande, kiweke juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto. Kikiacha rangi, kifue tena na tena mpaka kisitoe rangi. Watu watawaambia mtie chumvi ishike rangi. Kwa kitenge cha dukani chumvi haishiki chochote, kinachosaidia ni kuitoa ile rangi iliyozidi. Kisha vigaweni mafungu mawili: vya giza (buluu, nyeusi, kijani kizito) viende kwa nyumba za pindo, na vya moto (nyekundu, njano, chungwa) viende kwa nyumba za mji. Kwa kugawa huko tu, mtu akiitazama kazi kutoka ng'ambo ya barabara ataona kanga. Msipogawa, ataona blanketi la viraka.

Hapa ndipo kiini cha kazi yote, na hapa ndipo nyingi huanguka. Sheria iwe kali ukingoni na huru katikati. Kila kiraba kitapitiwa na utepe mweusi wenye upana wa sm 2, na utepe huo lazima ukate kila upande katikati kabisa, sm 15 kutoka pembe ya mstari wa penseli, ule mraba wa sm 30 mtakaouchora juu ya kiraba. Ndani ya kiraba uende utakavyo: uvuke kama njia panda, upinde kutoka kushoto kwenda juu, uzunguke kitu. Lakini kwenye pande nne uwe palepale. Ukifanya hivyo, kiraba cha Kalya kitaungana na cha Tabora hata kama waliovishona hawajawahi kusikiana, na hata fundi akivibadilisha nafasi dakika ya mwisho.

Utepe unatoka kwenye kaniki. Chana vipande vya sm 4, kunja sentimita moja kila upande, piga pasi. Kila nyumba ipewe sm 75. Njia panda iliyonyooka inakula 66, zinazobaki ni za kona. Mita moja na nusu ya kaniki ya upana wa sm 150 inatosha nyumba 72. Na tafadhali andikeni kwa herufi kubwa kwenye maelekezo: UTEPE UFIKE MPAKA UKINGO WA KITAMBAA, USIISHIE KWENYE PENSELI. Mtu nadhifu ataishia kwenye penseli kwa sababu anaona ndio mpaka wa picha yake. Fundi akishaunga, utepe huo haushikwi na mshono, ncha inachomoka, na njia inakatika hapohapo.

Alama zichoreni ninyi kabla ya kutuma. Kata boksi gumu la mraba wa sm 33, toboa dirisha la sm 30 katikati, tia mkato mdogo katikati ya kila upande wa dirisha. Kwa boksi hilo moja viraba vyote 72 vitapata mstari na alama zilezile. Msiwaachie watu wapime wenyewe. Rula za shule hupishana, na zile zilizokatika mwanzoni hupotosha zaidi. Mwaka 1987 Marekani walipoanza kushona blanketi la kuwakumbuka waliokufa kwa Ukimwi, kila jina lilipewa kitambaa cha futi 3 kwa 6. Kwa kipimo hicho kimoja, vitambaa 1,920 kutoka kwa watu wasiojuana vikatandazwa pamoja Washington mwezi Oktoba mwaka huohuo.

Katikati wachore nini? Ukisema "onyesha matumaini", utapata mioyo, njiwa na barakoa, sitini na nne. Swali liwe dogo na la nyumbani. Ningewauliza hivi: *Ni chombo gani cha kwako ambacho jirani amezoea kuja kukiazima, na sasa haji?* Jibu haliwezi kukosekana. Ungo. Mbuzi ya nazi. Pampu ya baiskeli. Karabai. Kinu cha kutwangia sombe. Ngazi. Tena chombo kina umbo, na mtu asiyejua kuchora anaweza kukikata kwenye kitenge kwa kukizungushia penseli. Waambieni wasichore watu. Sikatazi kwa ubaya. Mtu asiyezoea kuchora akianza na sura, anaona haya na bahasha hairudi.

Bahasha ya kaki iwe na kiraba kimoja, utepe, vipande vya kitenge vya kujaa kiganja, sindano moja ambayo inabaki kwa mwenye nyumba, uzi mita tano, na karatasi moja ya maelekezo, upande mmoja tu. Nyuma ya kiraba, kwenye sehemu ya mshono, andika namba kwa wino usiofutika na mshale wa kuonyesha juu: KB-07 ni Kibirizi nyumba ya saba. Orodha ya namba na majina ibaki kwenye daftari moja, nakala kwa mtu wa pili. Bodaboda mmoja aachiwe kazi yote ya mjini: anaweka mlangoni, anapiga simu, anaondoka. Kalya inategemea boti, basi bahasha zake zitangulie za wengine wote. Muda wa kushona uwe siku kumi na nne. Mkitoa mwezi, mtu ataanza siku ya ishirini na nane.

Kuna doa ambalo kwenu Kigoma halikosekani: mawese. Likirudi na kiraba, sugua kwa sabuni ya kipande, suuza, anika kwenye jua kali siku mbili au tatu. Ile rangi ya chungwa jua huila. Msikimbilie dawa ya kung'arishia, itaondoka na rangi ya kitenge.

Sasa wenye kitochi, na wale ambao kitambaa hakiwezi kuwafikia. László Moholy-Nagy, msanii mzaliwa wa Hungaria, alieleza kuwa picha zake za enameli za mwaka 1923 aliziagiza kiwandani kwa simu: yeye na mtu wa kiwanda kila mmoja akiwa na karatasi ya vijiraba mbele yake. Fanyeni vivyo hivyo. Gawa kiraba cha sm 30 kwenye vijiraba kumi kwa kumi, kila kimoja sm 3. Mistari ya kulala ipewe namba 1 mpaka 10 kutoka juu. Nguzo za kusimama zisipewe herufi, kwa sababu be, de, ge na pe kwenye simu ni sauti moja. Zipeni vituo vya reli, kutoka kushoto kama ramani ilivyo: Kigoma, Kazuramimba, Uvinza, Malagarasi, Nguruka, Usinge, Kaliua, Urambo, Usoke, Tabora. Vimetimia kumi, na wengi wanavijua kwa mpangilio. Usinge na Usoke vinaweza kuchanganywa. Vivyo hivyo sita na tisa. Kila linapotokea moja ya hayo, msikilizaji arudie kwa sauti.

Mzee wa Katonga anataka kinu. Anachora kwenye karatasi ya daftari la hisabati, anapiga simu kwa mwenye kitambaa Tabora, anasoma: mstari wa kwanza, Kaliua, wa pili, Kaliua, wa tatu, Usinge, wa nne, kuanzia Uvinza mpaka Urambo. Hapo mwenzake wa Tabora ameshaona mchi na mdomo wa kinu kabla hajaambiwa ni nini. Kama salio ni dogo, namba za nguzo zitumike kwenye meseji moja:

1:7 2:7 3:6 4:3-8 5:3-8 6:4-7 7:4-7 8:5-6 9:4-7 10:3-8

Hiyo ni herufi 54 pamoja na nafasi, na meseji moja inabeba 160. Chukua karatasi uijaribu, utaona kiuno chake na kitako. Mshonaji asikate kijiraba kimojakimoja. Achore umbo zima kwenye kitenge, aongeze nusu sentimita ya kukunjia ndani, alishone juu kama kiraka. Utepe wa njia auweke yeye. Kiraba hicho kinapewa namba mbili, ya Katonga na ya Tabora, kwa sababu ni cha nyumba mbili. Ukiniuliza mimi, hata bila karantini ningependa nusu ya kazi ifanywe kwa njia hii: wale wa bahasha wanashona kila mtu kwake, hawa wawili wanazungumza nusu saa nzima juu ya kinu.

Kundi la WhatsApp liwepo, ila lifungwe, waandike viongozi tu. Likiachwa wazi, siku ya tatu limejaa dawa za kienyeji na habari za uongo za ugonjwa, na swali la mtu aliyekosa uzi limezama. Picha za viraba zitumwe kwako mmojammoja. Video hapana, zinakula bando la watu bure. Na kabla ya kuonyesha kiraba cha mtu popote, muulize kama jina lake litajwe. Nyumba iliyokuwa na mgonjwa haitaki kujulikana kwa kazi ya sanaa.

Jina la kanga likae mpaka katikati ya kazi. Ukanda una sm 180. Acha tisa kila upande, zinabaki 162. Herufi yenye upana wa sm 5 na nafasi ya sentimita moja inakula sita, kwa hiyo mnazo herufi 27 tu, nafasi za maneno zikiwemo. Msifupishe herufi ili sentensi ndefu iingie; haitasomeka kutoka mbali. Ombeni kila nyumba ipendekeze jina moja kwa simu, kamati ichuje mpaka mawili, kisha kura ipigwe kwa kubipu: namba hii kwa jina la kwanza, namba ile kwa la pili. Haigharimu kitu. Hesabu namba zilizobipu, si mabipu, maana yupo atakayebipu mara thelathini kwa mapenzi. Ukanda huo hauna utepe; njia zote za viraba vinavyouzunguka zitaishia ukingoni mwake, kama Luiche na Malagarasi zinavyoingia ziwani.

Kuunga ni kazi ya cherehani moja na fundi mmoja. Sindano namba 14, hatua ya mm 2.5. Aunge safu moja moja kwa kulala, kisha safu kwa safu. Ashone juu ya mstari wa penseli hata kama ukingo wa kitambaa umepinda. Mm 2 tu za kosa kwenye kila kiraba ni sm 2 kwenye viraba kumi, na hapo tepe hazikutani tena. Mishono ya safu ya kwanza ilazwe kulia kwa pasi, ya pili kushoto, ya tatu kulia. Zikikutana, unene unajipanga wenyewe na pembe zinakaa.

Mahali ambapo kiraba hakikurudi, na cha akiba hakina mtu, weka kitambaa cheupe chenye utepe ulionyooka tu. Msikijaze kwa niaba ya mtu. Njia inapita, nafasi inaonekana, na mwenyewe akipatikana mwaka ujao kitambaa kipo kinamsubiri. Kiraka kinashonwa juu bila kufumua chochote.

Mgongoni weka kaniki nzima. Juu tengeneza mfuko wa sm 10 wa kupitisha mwanzi, na msitundike kwa vitanzi vya pembeni: eneo lake ni zaidi ya mita sita za mraba, na upepo wa mchana kutoka ziwani utaifanya kanga yenu tanga. Chini pitisha mwanzi wa pili, uzito wake utaituliza. Ikihifadhiwa izungushwe kwenye bomba, isikunjwe. Na kabla haijatundikwa mara ya kwanza, shona kwenye pembe ya nyuma kipande chenye orodha yote ya daftari: KB-07 ni ya nani (kwa waliokubali kutajwa), alichora nini, na nani aliyekuwa akikiazima.